Nyumba ya mawe ya familia, Mji Mkongwe Bagamoyo: lipu inabanduka na vichwa vya boriti vimeoza. Tuanzie wapi?

BintiDunda

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaojua nyumba za zamani hasa, maana ushauri wa nyumba za tofali tumeshaupata wa kutosha.

Nyumba ni ya familia, iko Mji Mkongwe Bagamoyo karibu na Mtaa wa India. Ni ya ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe, unene wa sentimita 50 hivi. Chini mbele palikuwa duka, nyuma vyumba na ua, juu pa kulala. Sakafu ya juu imelala kwenye boriti za mikoko. Mlango wa mbele ni wa nakshi. Paa ni bati lenye kutu.

Ukuta wa upande wa barabara uliwahi kupigwa lipu ya simenti hadi mita moja na nusu kutoka chini. Sasa madoa ya unyevu yametokeza juu ya lipu hiyo, kuna unga mweupe wa chumvi, na lipu inapobanduka inaondoka na vipande vya jiwe. Boriti nne za upande huohuo zimelainika vichwa. Barabara nayo imeinuliwa, iko juu kuliko sakafu yetu, mvua ikinyesha maji yanakuja ukutani.

Fundi tuliyemwita anataka kubandua yote, kupiga simenti mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na kuvunja sakafu ya juu amwage zege la nondo. Baadhi ya ndugu wanasema tuuze mlango tupate pesa ya zege. Wazee wamekataa katakata, nami niko upande wao: nyumba hii ndiyo inayoonyesha watu wa mtaa ule walivyoishi na kufanya biashara, dukani mbele, familia nyuma. Ikishakuwa tofali na zege, watoto wataambiwa habari bila kuona kitu.

Je, simenti mpya itasaidia? Boriti ziondolewe au kuna njia nyingine? Na kisheria tunaruhusiwa kufanya nini?

---

Mwashi_Pwani

Wa aleikum salaam dada. Mwambie fundi asibandue wala asivunje chochote mpaka paa na maji ya barabarani yashughulikiwe. Kuta za namna hii zinakaa miaka mingi sana zikiwa na kofia nzuri na miguu mikavu.

Kuhusu simenti: hapana, itaongeza ugonjwa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Linanyonya maji ya ardhini, kisha linayatoa kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vitundu. Lipu ya simenti imefunga. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda hadi yapate uwazi, ndiyo maana madoa yenu yako juu ya ile mita moja na nusu. Na maji hayo yamebeba chumvi. Yanapokauka nyuma ya simenti, chumvi inageuka fuwele, inakua, inasukuma. Simenti imelishika jiwe kwa nguvu kuliko uimara wa jiwe lenyewe, kwa hiyo ikitoka inatoka nalo. Ukipandisha simenti mpya yenye dawa ya kuzuia maji hadi juu, unyevu utaishia kwenye vichwa vya boriti. Kwa maelezo yako umekwisha kufika.

Anzeni na paa. Badilisheni bati zilizotoboka, ukingo wa paa utokeze walau sentimita 60 nje ya ukuta, wekeni gata, na bomba la gata limwage maji mita mbili au zaidi kutoka ukutani. Kagueni pia vichwa vya kuta chini ya bati. Maji yakiingia pale yanaosha udongo wa katikati ya ukuta, kwa sababu ukuta huu una nyuso mbili za mawe na kifusi katikati. Nje utaonekana mzima, ndani ni pango.

Kisha barabara. Mfereji wa kokoto mbele ya baraza unasaidia sana: upana sentimita 30, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kokoto safi za milimita 20 hadi 40. Msichimbe kupita kina cha msingi, maana misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni mifupi, na chimbeni vipande vya mita moja moja, mjaze kimoja kabla ya kufungua kingine. Kama barabara iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ombeni ruhusa kwanza. Na msimwage sakafu ya simenti kugusa ukuta kwa nje, inarudisha maji yote ukutani.

Baada ya hapo ndipo simenti ya zamani itoke. Gongeni kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu anzieni hapo kwa tindo nyembamba na nyundo isiyozidi kilo moja. Panaposhika sana acheni, mrudi baada ya miezi michache. Mashine ya kukatia isiguse ukuta huu. Chumvi inayotokeza isuguliwe kwa brashi kavu, ikingwe kwenye karai, ikatupwe mbali. Msiioshe, maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ukuta ukae wazi msimu mzima wa kiangazi. Kama chumvi bado ni nyingi, pigeni lipu laini ya muda, chokaa 1 kwa mchanga 4, unene wa sentimita moja, ikae miezi kadhaa inyonye chumvi, kisha ibanduliwe itupwe.

---

Mhandisi_Kijana

Naheshimu mila, lakini chokaa tupu ni dhaifu na inachelewa kukauka. Kwa nini msitumie mchanganyiko wa simenti 1, chokaa 1, mchanga 6? Unakuwa na uimara kiasi na bado unapumua kidogo.

---

Mwashi_Pwani

Mhandisi, kwenye ukuta wa tofali za simenti mchanganyiko huo ni mzuri. Hapa unakwama kwa mambo mawili. Kwanza, simenti yenyewe inaleta chumvi zake kwenye ukuta ambao tayari umejaa chumvi. Pili, ukuta wa matumbawe unacheza: unavimba na kusinyaa kidogo kati ya masika na kiangazi. Lipu inatakiwa iwe laini kuliko jiwe, ili kikipasuka kitu ipasuke lipu, ambayo inazibwa kwa mwiko nusu saa. Udhaifu unaoulalamikia ndio kazi yake.

Mkitaka ishike mapema sehemu zenye unyevu, toeni sehemu ya mchanga mweke vumbi la matofali ya kuchoma: chokaa 1, mchanga 2 na nusu, vumbi la tofali nusu. Tofali liwe lile lililoiva kwa moto wa wastani, si lile lililoungua likawa kama kioo, kwa sababu lililoungua sana haliungani na chokaa. Lisagwe, lichekechwe kwa chekeche la unga.

Sasa chokaa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaharibu.

Chokaa ya mfuko inapatikana, na inayochomwa Tanga upande wa Amboni na Maweni ni ya kawaida madukani. Tatizo ni mifuko iliyokaa sana: chokaa inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe ndani ya mfuko. Jaribu hivi: chukua kijiko cha chokaa, kamulia ndimu au mwagia siki. Ikitoa povu jingi, imeshakufa, iache dukani. Ikiyeyuka bila povu la maana, nunua. Mkifika nyumbani iloweke ndani ya pipa, maji yafunike juu kwa sentimita 5, ikae walau wiki tatu. Miezi mitatu ni bora zaidi. Inakuwa laini kama siagi na haipasuki ikikauka. Mkipata chokaa ya mawe ambayo haijazimwa, chokaa ndiyo itiwe kwenye maji kidogokidogo. Maji yasimwagwe juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, ikiingia jichoni inapofusha. Miwani na glavu ni lazima, watoto wakae mbali.

Mchanga uwe wa mtoni au wa shimoni, wenye punje kubwa na ndogo. Wa ufukweni usiguse nyumba. Jaza chupa ya plastiki theluthi mchanga, ongeza maji, tikisa, acha kesho yake. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au utafute mwingine. Kipimo cha lipu, chokaa 1 kwa mchanga 3, kinatokana na mchanga wenyewe: jaza ndoo mchanga mkavu, mimina maji taratibu hadi yafike usawa wa juu, kwa kawaida yanaingia karibu theluthi ya ndoo. Huo ndio uwazi ambao chokaa inatakiwa iujaze. Mchanga wako ukimeza zaidi, ongeza chokaa.

Kwa mita 10 za mraba, lipu ya jumla ya sentimita 2 na nusu, andaeni ndoo 14 za lita 20 za mchanga na ndoo kama nne na nusu za chokaa iliyolowekwa. Mifuko mitatu ya kilo 25 inatosha, na kidogo kitabaki.

Lowesheni ukuta jioni na tena asubuhi kabla ya kazi. Ukuta mkavu unanyonya maji ya lipu na kuiacha unga. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vijiwe na chokaa, msitegemee lipu. Tabaka la kwanza lisizidi milimita 12, likwaruzwe, likae wiki mbili. La pili vivyo hivyo. La mwisho jembamba, milimita 3. Kwa wiki nzima baada ya kila tabaka tundikeni magunia mabichi, yasiguse lipu, mkiyanyunyizia asubuhi na jioni. Kazi hii ifanyike kipupwe, Juni hadi Septemba. Wakati wa kaskazi jua linaikausha kabla haijashika, masika inaoshwa. Rangi ni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mara nne hadi sita. Rangi ya plastiki inafunga ukuta uleule mliohangaika kuufungua.

---

Seremala_Mwambao

Kwenye boriti, dada, kwanza chunguza badala ya kuhesabu nne na kuvunja zote. Sukuma bisibisi nyembamba kwenye kila boriti, pale inapoingia ukutani na katikati. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, pameoza. Mara nyingi kilichooza ni sentimita 20 au 30 zilizo ndani ya ukuta, na urefu uliobaki ni mzima kabisa. Angalia pia vijia vya udongo vya mchwa, vinaanzia chini na kupanda kwenye kona.

Kama ni vichwa tu, kuna njia isiyoondoa kitu: mhimili wa mbao ngumu iliyokauka, tuseme sentimita 7.5 kwa 15, unalazwa chini ya boriti sambamba na ukuta, umebebwa na nguzo zinazosimama juu ya mawe bapa. Boriti zinapumzika juu yake, kichwa kilichooza hakibebi tena. Siku za mbele mtu akipata boriti nzuri anaweza kuutoa na nyumba ikarudi ilivyokuwa. Mimi ningeanza na hiyo.

Mkilazimika kubadilisha, badilisheni moja moja. Mikoko haikatwi ovyo, boriti halali zinatoka kwa kibali cha TFS (wakala wa misitu), kwa hiyo dai risiti na hati ya usafirishaji. Boriti iwe imemenywa ganda na imekauka, ipakwe maji ya boraksi hasa vichwani, na ndani ya ukuta iachiwe nafasi ya kidole pembeni ipate hewa. Ukikizungushia kichwa simenti umekipikia kuoza upya.

Kabla ya yote hayo, egemezeni. Nguzo za muda zisimame juu ya ubao mpana, zikaze kwa kabari, na kama kuna uzito juu, zipangwe kuanzia ardhini. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafariki. Nyumba iliyochoka inakuwa hatarini zaidi siku inapoanza kushikwashikwa.

Zege la nondo lisahauni. Hata sakafu nyembamba ya zege ya sentimita 5 juu ya hiyo ya zamani inaongeza kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 ni zaidi ya tani mbili zinazoongezwa kwenye boriti zilizochoka. Bamba zima ni mbaya zaidi, maana litataka kukatiwa mfereji kuzunguka ukuta mzima, na nondo karibu na bahari, ndani ya ukuta wenye chumvi, zinashika kutu, zinavimba na kupasua.

Mlango: usipigwe msasa, usipakwe vanishi. Toa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa chenye maji kidogo. Ukikauka, paka mafuta ya kitani membamba, futa yaliyobaki baada ya dakika 20. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje au vilowekwe kwenye maji, vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Kama miimo imeoza chini, kikatwe kilichooza tu, kiungwe kipande cha mbao ya aina ileile kwa vigingi vya mti au skrubu za shaba. Za chuma zinavimba kwa kutu na kuchana mbao.

---

Nyaraka_Pwani

Nijibu la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863 bila hata kutangazwa, na yaliyojengwa baadaye yanaweza kutangazwa. Milango na fremu za nakshi zilizochongwa Afrika kabla ya 1940 nazo zinalindwa. Kwa hiyo wazo la kuuza mlango lisimame kabisa mpaka Idara ya Mambo ya Kale iuone. Wanunuzi wanaokuja na pesa mkononi hawatawaambia hilo. Kwa ukarabati, pelekeni barua na picha ofisi ya Mambo ya Kale na ya ujenzi katika Halmashauri ya Wilaya, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa.

Kama nyumba bado iko kwa jina la marehemu, anzeni na usimamizi wa mirathi mahakamani. Bila msimamizi anayetambulika, ndugu mmoja anaweza kuzuia kazi katikati, na nyumba iliyobanduliwa lipu ikaachwa masika mbili haiponi. Kama ni wakfu, masharti ya wakfu yasomwe kwanza.

Sasa jambo ambalo halijaguswa. Umesema nyumba inaonyesha watu walivyoishi. Basi iandikeni kabla fundi hajaigusa, kwa sababu tindo inaondoa ushahidi pamoja na simenti. Pigeni picha kila ukuta ukiwa mzima, kisha kwa karibu, pakiwa na rula au mita ndani ya picha. Choreni ramani kwa kipimo cha 1 kwa 50: duka, daka (ukumbi wa mlangoni), vyumba, vidaka vya ukutani, kisima, mahali pa kupikia. Sehemu moja iliyofichika ya kila chumba, sentimita 10 kwa 10, kwangueni rangi ngazi kwa ngazi kwa kisu, mwone rangi zilizotangulia, mpige picha na mpaache hapo wazi. Vipande vya lipu ya asili hifadhini kwenye mfuko wa karatasi wenye tarehe na jina la chumba. Fundi atavihitaji kulinganisha mchanga.

Wazee waulizwe wakiwa ndani ya nyumba, chumba kwa chumba, simu ikirekodi. Mtu akikaa sebuleni kwingine anasimulia kwa jumla. Akisimama penye kaunta ya duka anakumbuka mizani ilikuwa wapi, nani alikuwa analeta kopra, mlango upi wanawake walipitia kwenda uani. Ulizeni nyumba ilirithiwa au ilinunuliwa, kwa nani, na ukuta upi uliongezwa baadaye. Ukuta ulioongezwa unajionyesha pia: haujafumwa na ule wa zamani, kuna mstari wima pale vinapokutana.

Msiishie kwenye simulizi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya enzi za Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya koloni hilo hadi 1891, na mambo ya viwanja yaliandikwa. Nendeni na jina la mtaa, majina ya wamiliki mnayoyakumbuka na mipaka ya jirani. Majina ya Kihindi na Kiarabu yaliandikwa kwa tahajia za Kijerumani, kwa hiyo tafuteni kwa sauti ya jina zaidi ya herufi zake.

---

BintiDunda

Mungu awalipe nyote. Fundi nimemsimamisha, na mlango tumekubaliana hauuzwi. Maswali mawili yamebaki. Tunataka choo na tangi la maji juu, kwa sababu mama hawezi ngazi za kila mara. Na kuna ufa wima kwenye kona ya uani, upana wa kidole. Tuuzibe sasa?

---

Mwashi_Pwani

Ufa usizibwe kwanza. Pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande, pima umbali kati yake kwa rula ya milimita na uandike tarehe ukutani. Rudia kila mwisho wa mwezi, upite masika moja. Usipoongezeka, mnaujaza kwa uji wa chokaa na vumbi la tofali: matundu kila sentimita 50 kando ya ufa, maji kwanza kuosha vumbi, kisha uji kuanzia chini kwenda juu, usizidi kimo cha mita moja kwa siku, maana ukijaza yote kwa mkupuo uzito wa uji mbichi unasukuma uso wa ukuta nje. Ukiongezeka, kona inashuka, chunguzeni maji ya uani yanaenda wapi kabla ya jambo jingine. Kukiwa na mche wa mkuyu ndani ya ufa msiung'oe, ukateni usawa wa ukuta na mzizi ukaushwe kwanza.

---

Seremala_Mwambao

Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Lisikae juu ya boriti wala juu ya ukuta. Jengeeni mnara wake uani, umesimama peke yake, mita moja kutoka ukutani. Choo cha juu nacho ningekikataa: kiungo kimoja kikivuja kwa siri ndani ya sakafu ya chokaa, mtajua boriti zikishaoza. Mhamishieni mama chumba cha chini cha nyuma, choo kijengwe uani kando ya nyumba, mabomba yapite nje ya ukuta kwenye vishikizo, bila kuchimba mfereji ndani ya mawe. Nyaya za umeme vilevile, zipite juu ya lipu ndani ya bomba lake.